Mzio Usitibiwe kwa Kubahatisha

Neno "aleji" limekuwa jibu jepesi mno katika zahanati zetu. Mtoto akiwashwa ngozi, ni aleji; akipiga chafya mfululizo kila alfajiri, ni aleji; akibanwa kifua usiku, ni aleji vilevile. Jibu hilo huenda likawa la kweli. Ubaya wake ni kwamba hutolewa bila kipimo chochote, kisha hufuatwa na amri: asile samaki, asile mayai, asiguse njugu. Katika Lunga Lunga, ambako samaki wa Vanga na yai la kuku wa nyumbani ni miongoni mwa vyakula vichache vya kujenga mwili ambavyo mnyonge anaweza kuvimudu, amri kama hiyo yaweza kumdhuru mtoto kuliko maradhi yenyewe.

Kwa hiyo yafaa matabibu walio karibu na wananchi wafunzwe kupima mzio kwa njia ya kisayansi, na madaktari wa hospitali ya rufaa wafunzwe kuutibu kwa tiba ya kuizoeza kinga ya mwili. Mambo hayo mawili yaende kwa mpango huo, wala la pili lisitangulie la kwanza.

Mzio ni nini? Daktari Clemens von Pirquet wa Vienna ndiye aliyebuni neno "aleji" mwaka 1906. Katika mizio mingi tunayoizungumzia hapa, kinga ya mwili hukosea, ikakichukulia kitu kisicho na madhara, kama vile vumbi au chavua, kuwa ni adui. Hutengeneza kingamwili ziitwazo IgE, na mtu akikutana tena na kitu hicho, mwili humwaga histamini na kemikali nyingine. Hapo ndipo pua hutiririka, macho huwasha, ngozi huvimba, na mwenye pumu hukosa pumzi.

Kipimo chake si cha ajabu. Tabibu hudondosha kwenye mkono wa mgonjwa matone ya vichochezi vilivyosafishwa maabarani, kisha hudonoa ngozi kidogo kwa ncha kali kupitia kila tone. Baada ya dakika 15 hadi 20 husoma matokeo. Kivimbe kinachozidi kile cha tone la maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huonyesha kwamba mwili unakitambua kichochezi hicho. Tone la histamini huwekwa pia ili kuhakikisha kwamba ngozi inaitikia, kwa kuwa mtu aliyemeza dawa za kuzuia mwasho siku chache kabla ya kipimo huweza kutoa jibu la uongo.

Kazi ya mkono basi ni nyepesi. Iliyo nzito ni kazi ya akili. Kivimbe peke yake si ugonjwa. Wako watu ambao ngozi zao huvimba kwa kichochezi fulani lakini hawaugui wanapokutana nacho. Asiyefunzwa akikiona kivimbe atapiga marufuku chakula. Aliyefunzwa atauliza kwanza: mtoto hukohoa lini, wapi, baada ya kufanya nini? Mafunzo tunayoyadai ni ya kuuliza maswali hayo na kuyapima majibu yake.

Isitoshe, tabibu wa Pwani ya Kusini hawezi kuiga tu orodha ya vichochezi iliyotungwa Ulaya. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu ndio rafiki wa utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya magodoro na mito. Katika nchi za joto na unyevu kuna utitiri uitwao Blomia tropicalis, ambao hautofautishwi vyema na kipimo kilichoandaliwa kwa utitiri wa Ulaya pekee. Mgonjwa anayelalia godoro kuukuu la sufi akipimwa bila kichochezi hicho, huenda akaambiwa kwamba hana tatizo.

Jambo jingine ni minyoo na kichocho, maradhi ambayo Kwale imeyajua kwa miaka mingi. Minyoo hupandisha IgE ya jumla katika damu, hivyo anayepima kiwango hicho peke yake na kutangaza "aleji" amepotoka. Mwaka 2000 watafiti waliofanya kazi Gabon walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wa shule wenye kichocho waliitikia utitiri kwenye ngozi mara chache kuliko wenzao wasio nacho. Uhusiano huu wa minyoo na mzio hapana budi ufundishwe waziwazi kwa tabibu atakayehudumu Lunga Lunga.

Tuje kwenye tiba. Waswahili husema dawa ya moto ni moto, na tiba hii inashabihiana sana na methali hiyo. Mwaka 1911, katika hospitali ya St Mary's jijini London, Leonard Noon aliwadunga wagonjwa wa mafua ya chavua kiasi kidogo mno cha chavua ileile iliyowaudhi, akakiongeza hatua kwa hatua. Mwenzake, John Freeman, aliiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka ulioikubali tiba hiyo na kueleza masharti yake. Leo hutolewa kwa sindano au kwa matone na vidonge vya chini ya ulimi, kwa miaka 3 hadi 5, na hufaa hasa kwa mzio wa chavua, utitiri na sumu ya nyuki. Dawa za kawaida hutuliza dalili. Tiba hii huifundisha kinga ya mwili kuvumilia.

Hata hivyo, moto ni moto. Sindano hiyo yaweza kuamsha mshtuko wa mzio unaoua kwa dakika chache. Ndiyo maana mgonjwa hubakizwa kituoni angalau nusu saa, adrenalini ikiwa tayari kudungwa pajani, na mwenye pumu isiyodhibitiwa hapewi kabisa. Kwa sababu hiyo kituo kidogo kipime, kielimishe na kielekeze. Sindano zianzie Msambweni, penye hospitali ya rufaa ya kaunti.

Wako watakaosema kwamba kaunti yenye malaria na upungufu wa dawa haina nafasi ya anasa hii. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimsaidii anayeshindwa kupumua. Pumu haikuchagua mjini pekee: utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliolinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a, uliwakuta wanaobanwa kifua baada ya kukimbia pande zote mbili, ingawa wa mjini walikuwa wengi zaidi. Vilevile kubahatisha kuna gharama yake. Wengi walioandikiwa kwamba wana mzio wa penisilini huonekana hawana wanapochunguzwa ipasavyo. Mtoto wa Pwani mwenye selimundu, anayehitaji penisilini kila siku ili kukingwa na maambukizi, akinyimwa kwa neno lisilopimwa, nani atalipa?

Njia ya kuanzia ipo. Afya imekuwa jukumu la serikali za kaunti tangu mwaka 2013, na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya kina tawi Msambweni. Afrika Kusini ina stashahada ya tiba ya mzio kwa madaktari wa kawaida. Kaunti ikimdhamini daktari mmoja au wawili kusoma huko, warudi wawafunze maafisa wa kliniki na wauguzi wa Lunga Lunga, Kinango na Matuga, itakuwa imepanda mbegu. Kabla ya vichochezi kununuliwa, kila kituo kiwe na adrenalini na dawa za pumu za kuvuta, na kila mhudumu ajue kuzitumia.

Walimu nao wasikae pembeni. Mwalimu humwona mtoto saa nyingi za mchana; akiandika kwamba hukohoa darasa linapofagiwa au anapokimbia uwanjani, amempa tabibu habari ambayo mzazi huenda hana. Nanyi wanafunzi mnaotamani udaktari, fani hii ina uhaba mkubwa wa wataalamu nchini mwetu. Someni biolojia mkijua kwamba kuna watu wanaowangojea.

Hadi siku hiyo, tabibu asiye na kipimo aseme "nashuku", wala asiseme "ni aleji". Na asimwondolee mtoto samaki sahanini kwa jambo analolishuku tu.