Kupoza si Kudhibiti: Somo Lililomo Ndani ya Jokofu la Kuchachushia

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilipumzika Unyanyembe, mahali ulipo leo mji wa Tabora. Miongoni mwa mizigo waliyochukua wapagazi, aina tatu zilitumika njia nzima kama fedha: nguo, ushanga, na masango, yaani nyaya nene za shaba. Thamani ya waya siku hizo ilikuwa katika uzito na mng'aro wake. Ulikatwa, ukapindwa, ukavaliwa mkononi na mguuni.

Siku hizi waya unafika Tabora kwa reli na kwa malori, umefichwa ndani ya vifaa vya umeme vya bei nafuu. Vifaa hivyo hununuliwa, hutumiwa, na vikiharibika hutupwa, bila mnunuzi kujua ni kitu gani kilichokuwa kikitendeka ndani yake. Hatari iliyopo ni kwamba kijana wa leo, pamoja na vyeti vyake vya fizikia, atauthamini waya kwa mng'aro tu kama ulivyothaminiwa na wenye misafara. Dawa ya hatari hiyo haihitaji maabara ya gharama kubwa. Yaweza kupatikana katika kifaa kidogo kinachotoshea kiganjani: kidhibiti joto kinachoweza kuligeuza jokofu kuukuu kuwa chumba cha kuchachushia. Kila shule ya sekondari yenye umeme yafaa iunde kimoja, na ikifanye kuwa somo.

Ili umuhimu wa kifaa hicho uonekane, yapasa kwanza kueleza kazi ya joto katika uchachushaji. Mnamo Agosti 1857, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alisoma mbele ya wataalamu wa mji wa Lille maandiko yake juu ya uchachu wa maziwa. Katika maandiko hayo na katika uchunguzi wake wa miaka iliyofuata alionyesha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai wadogo mno. Novemba ya mwaka huo huo, Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa mabingwa wa kupika pombe ya nafaka tangu zamani. Mpishi wa Kinyamwezi aliijua kazi ya hamira kwa mkono na pua; Pasteur aliieleza kwa darubini.

Hamira hula sukari, ikatoa kileo na hewa ya kaboni dayoksaidi, na wakati huo huo hutoa joto. Ndiyo sababu chombo kinachochacha huwa na joto zaidi kuliko hewa inayokizunguka, mara nyingine kwa nyuzi kadhaa. Aina nyingi za hamira hufanya kazi njema kati ya nyuzi 18 na 22 za sentigredi. Joto likizidi sana, hamira hukimbiza kazi na kutoa vileo vizito vyenye ladha kali na harufu isiyopendeza. Joto likipungua mno, hulala kabla ya kumaliza sukari. Mtu anayetengeneza wanzuki wa asali, kinywaji kijulikanacho sana katika mikoa yenye nyuki wengi kama Tabora, akapata safari moja kinywaji kizuri na safari nyingine kibaya, aghalabu huilaumu asali au bahati. Mara nyingi mkosaji ni joto.

Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi. Mwezi wa Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30, na usiku wa Juni na Julai hushuka hata karibu na nyuzi 15. Wazee walikuwa na dawa yao: mtungi wa udongo uliowekwa kivulini. Maji hupenya taratibu katika vitundu vya udongo, huvukizwa na upepo, na mvuke unapoondoka huchukua joto pamoja nao. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, mtungi hupoza vizuri sana. Masika yakiingia na hewa ikijaa unyevu, nguvu yake hupungua. Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo mwanafunzi hana budi kuishika: mtungi hupoza, lakini haudhibiti. Hautambui kama yaliyomo yamefika nyuzi 20 ama yamepita. Wala hauna uwezo wa kupasha joto usiku wa baridi.

Jokofu la kawaida nalo lina kasoro inayofanana na hiyo. Swichi ya joto iliyomo ndani yake imetengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi chakula kwenye nyuzi 4 hivi. Mtu akitaka nyuzi 20 hawezi kulilazimisha kwa kuzungusha kitufe. Mashine ina nguvu, lakini hiari hana anayeitumia.

Udhibiti wa kweli una sehemu tatu: kupima, kulinganisha na kutenda, kisha kupima tena, bila kukoma. Wanafunzi wa Urambo, Kaliua na Sikonge wameuona udhibiti huo kwa macho yao, ingawa huenda hawakuambiwa jina lake. Ndani ya bani la kukaushia tumbaku ya mvuke, majani huanza kugeuka manjano kwenye nyuzi 35 hivi, na mwishoni joto hupandishwa hadi karibu nyuzi 70 ili vikonyo vikauke. Usiku kucha mtu huamka, husoma kipimajoto, hukilinganisha na joto linalotakiwa, kisha huongeza kuni au huzipunguza. Mtu huyo ndiye kidhibiti. Akisinzia, mavuno ya mwaka mzima huharibika kwa usiku mmoja, na kuni za miombo zilizoteketea haziwezi kurudi msituni. Kidhibiti cha umeme ni mlinzi wa namna hiyo hiyo, ila hasinzii.

Basi, kifaa chenyewe kinafanyaje kazi? Jicho lake ni themista, yaani kipande kidogo ambacho ukinzani wake hubadilika kufuata joto. Aina inayotumika sana huwa na ukinzani wa omu 10,000 katika nyuzi 25; ikitumbukizwa katika maji ya barafu, ukinzani hupanda karibu mara tatu. Saketi ndogo hubadilisha ukinzani huo kuwa tarakimu, huulinganisha na joto lililowekwa, kisha huamuru relei ifunge au ifungue. Relei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme: mkondo mdogo huamuru mkondo mkubwa. Hapo mwanafunzi anakutana na sheria ya Ohm, sumaku-umeme na hisabati ya kulinganisha, zote katika kazi moja.

Kidhibiti kilichoenea sana madukani, kinachoitwa STC-1000, kina matundu 8 ya kufungia nyaya. Tundu la 1 na la 2 hupokea umeme unaokiendesha chenyewe. La 3 na la 4 hupokea waya wa themista. La 5 na la 6 ni swichi ya kupasha joto. La 7 na la 8 ni swichi ya kupoza. Neno swichi halina budi kusisitizwa, kwa kuwa wengi hudhani kwamba matundu manne ya mwisho hutoa umeme. Hayatoi. Yanaunganisha na kutenganisha tu. Kwa hiyo waya wa moto unaofika tundu la 1 hugawanywa, tawi moja likaingia tundu la 5 na jingine la 7. Kutoka tundu la 6 waya wa moto huenda kwenye soketi ya balbu ya kupasha joto. Kutoka tundu la 8 huenda kwenye soketi ya jokofu. Waya wa nyutro hufika tundu la 2 na pia huenda moja kwa moja katika soketi zote mbili. Waya wa ardhini haugusi kidhibiti kabisa: hutoka kwenye plagi hadi soketi zote mbili, bila kukatwa na swichi yoyote. Iwapo kifaa ni cha aina nyingine, mchoro ulioandikwa juu yake ndio wa kufuatwa.

Kazi hiyo yote hufungwa ndani ya kisanduku kisichopitisha umeme, na jokofu lenyewe halifunguliwi. Huchomekwa kwenye soketi mpya, na swichi yake ya zamani huwekwa kwenye baridi ya mwisho ili isiingilie. Kisha lengo huwekwa nyuzi 20, na pengo linaloruhusiwa nyuzi 1. Joto likifika 21, jokofu huwaka. Likirudi 20, huzimika. Likishuka hadi 19, balbu huwaka. Muda wa kusubiri wa dakika 5 huwekwa pia, kwa sababu kompresa iliyozimika ikiwashwa papo hapo hukuta shinikizo la gesi halijatulia, hukwama, na yaweza kuungua.

Themista nayo ina mahali pake. Ikining'inizwa hewani ndani ya jokofu, hewa hupoa upesi na kifaa hudhani kazi imekwisha, ilhali kinywaji kingali na joto. Yafaa igusane na ubavu wa chombo na kufunikwa kwa kipande cha sponji. Kabla ya hapo hupimwa usahihi wake katika maji yenye barafu, ambayo ni nyuzi sifuri. Maji yanayochemka si kipimo kizuri, kwa kuwa Tabora, kwa sababu ya mwinuko wake, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi wala si 100. Mwalimu asiyelikumbuka jambo hilo atakihukumu kipimajoto chema kuwa kibovu.

Umeme wa volti 230 huua, na haumwonei haya mwenye diploma. Kwa hiyo somo lianze na kidhibiti cha volti 12, ambacho nacho hupatikana, kikiwasha taa ndogo badala ya jokofu, mpaka kila mwanafunzi aweze kuchora njia ya mkondo bila kutazama kitabu. Kazi ya volti 230 ifanywe na fundi mwenye sifa, wanafunzi wakitazama na kuuliza, plagi ikiwa imechomolewa, fyuzi ikiwa ya kiasi kinachofaa. Hiyo si hofu. Ni sehemu ya elimu yenyewe. Vifaa hivi vinauzwa na kuunganishwa kila siku na watu wasiofundishwa, na kunyamaza kwa shule hakuwapunguzii hatari.

Litaulizwa swali kama inafaa shule ijishughulishe na chombo cha kutengenezea pombe. Jibu ni kwamba pombe si ya wanafunzi, na kidhibiti hakiijui pombe wala maziwa. Kinajua nyuzi tu. Kisanduku hicho hicho, balbu ikiwekwa ndani ya sanduku lililozibwa vizuri, huweka nyuzi 43 zinazotakiwa kugandisha mtindi wa yogati, au nyuzi 37.5 zinazotakiwa kuangulia mayai ya kuku. Shule itengeneze mtindi; mama anayeishi kwa kuuza wanzuki atatumia maarifa hayo hayo ili mapato yake yasimwagwe jalalani.

Gharama nayo itatajwa. Lakini shule nyingi zina jokofu lililokaa bila kazi kwa sababu swichi yake ya joto imekufa na kompresa ni nzima. Jokofu kama hilo fundi akiiunganisha swichi iliyokufa kuwa njia wazi, linahitaji tu kidhibiti, kisanduku, soketi mbili na nyaya. Umeme ukikatika, hilo pia ni somo: wanafunzi waandike joto kila baada ya dakika 10, wachore grafu, waone jinsi mstari unavyopanda na kushuka kama meno ya msumeno wakati wa udhibiti, na jinsi unavyopinda taratibu kuelekea joto la chumba umeme unapotoweka. Wauchore na mstari wa mtungi kando yake. Hakuna kitabu kitakachoeleza tofauti ya kupoza na kudhibiti kwa uwazi kuliko mistari hiyo miwili.

Historia ya nchi hii inatoa ushahidi kwamba jokofu la shule laweza kuzaa sayansi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona mchanganyiko wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa, hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo yao. Wanasayansi wangali wakibishana juu ya jambo hilo, na mabishano hayo ndiyo heshima yake. Mpemba alikuwa na jokofu na swali. Vijana wengi wa leo wanalo jokofu. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuuliza kwa mikono.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, mwenyewe akiwa amesoma Tabora, ilidai kwamba shule isitengane na kazi za jamii inayoizunguka. Mara nyingi dai hilo limeeleweka kuwa ni jembe tu. Lakini kazi za jamii ya Tabora ni pamoja na asali, tumbaku, maziwa na vinywaji, na zote zinatawaliwa na joto. Mwanafunzi atakayemaliza kidato cha nne akiwa ameunganisha kidhibiti kimoja, akakipima, akaeleza kwa nini waya wa ardhini haupiti ndani yake, atakuwa amepata kitu ambacho wapagazi wa masango hawakupewa nafasi ya kukipata: waya, pamoja na maana yake.