Habari Iliyomhusu Mwenyewe

Catherine Kasavuli alianza utangazaji katika Sauti ya Kenya mwaka 1980. Mwaka 1990 akawa miongoni mwa sura za kwanza za runinga ya KTN. Kwa miongo aliwasomea Wakenya habari za wengine. Mwaka 2022, akiwa amelazwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hakuificha saratani yake ya mlango wa kizazi. Alifariki tarehe 29 Desemba.

Uwazi ule nauenzi kuliko taarifa zote alizosoma. Hapa Lukuledi ugonjwa huo hunong'onwa tu, hata msibani. Chanjo ya mabinti ilienea nchini mwaka 2018, bila malipo. Lakini wako akina baba wanaowaficha binti zao wauguzi wafikapo shuleni. Hofu hiyo siikubali.