VITA YA BAHARINI ISIWE KISINGIZIO CHA KUMPUNJA MKULIMA WA PARACHICHI



Jumapili tuna mkutano wa tawi, na ajenda namba 3 ni bei ya parachichi. Kwenye makundi yetu yanazunguka maneno ya aina mbili. Wapo wanaosema bei imeshuka kwa sababu ya vita, tukubali yaishe. Wapo wanaosema habari ya vita ni uongo wa wanunuzi, tuwafukuze. Mimi naona kila upande umeshika nusu. Vita inapandisha gharama ya meli, hilo ni kweli. Lakini gharama inahesabika, na asiyetaka kuonyesha hesabu ana lake jambo.

*Kilichotokea baharini*

Novemba 19, 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya kubeba magari, Galaxy Leader, katika Bahari ya Shamu. Mabaharia wake 25 walishikiliwa hadi Januari 2025. Februari 2024 meli ya Rubymar, iliyobeba mbolea, ilipigwa kombora na mwanzoni mwa Machi ikazama. Siku chache baadaye mabaharia watatu wa meli ya True Confidence wakauawa. Hawa hawakuwa askari. Walikuwa wanatafuta riziki, kama dereva wa lori letu anayeshuka Kitonga usiku.

Wenye meli wakahama njia. Meli nyingi za kati ya Asia na Ulaya ziliacha Mfereji wa Suez, zikazunguka Afrika Kusini kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mzunguko huo unaongeza kama maili 3,500 za baharini na siku 10 hadi 14. Misri iliona maumivu yake: mapato ya Mfereji yalishuka kutoka dola bilioni 10 hivi mwaka 2023 hadi bilioni 4 hivi mwaka 2024.

Na si mara ya kwanza. Vita ya Juni 1967 iliufunga Mfereji huo hadi Juni 1975. Miaka minane. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia tusubiri tu, mambo yatapita.

*Gharama inaingiaje*

Kwanza ni mafuta ya meli. Pili ni siku: mishahara na kodi ya meli havisimami kwa sababu njia imekuwa ndefu. Tatu ni bima ya hatari ya vita kwa anayeamua kupita hukohuko. Kabla ya mashambulizi, bima hiyo ilikuwa chini ya asilimia 0.1 ya thamani ya meli kwa safari moja. Mwanzoni mwa 2024 ilikaribia asilimia 1. Kwa meli ya dola milioni 50, asilimia 0.1 ni dola 50,000 na asilimia 1 ni dola 500,000. Meli haijaguswa hata na jiwe, lakini bili imeshaandikwa.

Nne, na hii wengi hawaioni, ni uhaba wa meli na makontena. Barabara ya Njombe kwenda Makambako ikikatika na mabasi yakalazimika kuzunguka, hata abiria wa Songea atakaa stendi, maana mabasi ni yaleyale. Hivyo hata kontena la kutoka China kuja Dar es Salaam, ambalo halipiti kabisa Bahari ya Shamu, linaguswa na nauli hiyo.

*Parachichi letu*

Tunda letu la Ulaya husafiri kwenye kontena la baridi, na mara nyingi huhamishiwa meli kubwa katika bandari kama Salalah kule Oman. Njia ya Suez ikiwa salama, safari inaendelea moja kwa moja. Isipokuwa salama, kontena linageuzwa kusini na kuizunguka Afrika nzima. Parachichi halisubiri kama kahawa. Likifika limelainika, sokoni linakataliwa au linauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo mnunuzi anayesema ana hofu, hofu yake ina msingi.

Sasa tushike kalamu. Tuchukue mfano: kontena la futi 40 lenye tani 20, na nauli imepanda kwa dola 2,000. Gawanya kwa kilo 20,000, unapata senti 10 za dola kwa kilo. Tukiweka dola moja kwa Sh2,500, hiyo ni Sh250 kwa kilo. Mnunuzi akishusha bei shambani kwa Sh700 na kusema "ni vita", Sh250 tumeiona. Sh450 iko wapi? Inawezekana sehemu yake ni matunda yaliyoharibika njiani. Basi atuonyeshe ni kontena lipi na ni kilo ngapi. Asipoonyesha, hiyo si vita, ni faida yake aliyoivalisha kombati.

Tena kampuni za meli zenyewe huiandika nyongeza ya vita kando kwenye ankara, haichanganywi na nauli ya kawaida. Yaani karatasi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuiomba.

*Mapendekezo yangu kwa mkutano*

1. Mnunuzi yeyote anayetaja vita kama sababu ya kushusha bei awasilishe mchanganuo kwa maandishi katika ofisi ya AMCOS: nauli, bima na upotevu. Viongozi wa ushirika wausome mbele ya wakulima.

2. Mikataba ya msimu iwe na kipengele kimoja cha wazi: nyongeza ya vita ikiondolewa, bei ya mkulima irudi. Kilichopanda kwa sababu ya vita kishuke vita ikiisha. Mnajua wenyewe jinsi bei inavyopanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi.

3. Tumtume diwani wetu halmashauri kwa mambo mawili. La kwanza ni chumba cha baridi karibu na wakulima, kwa sababu tunda lililopozwa mapema ndilo linalostahimili safari ndefu. La pili ni kusukuma masoko ya China na India. China ilitia saini makubaliano ya kupokea parachichi letu Novemba 2022, na India nayo imefungua mlango. Njia za huko hazipiti Bahari ya Shamu.

Najua hoja itakayotolewa: tukiwabana wanunuzi watahamia wilaya nyingine. Sidhani. Mnunuzi makini anatunza hesabu hizi kila siku, hatapungukiwa kitu kwa kuzionyesha. Atakayekimbia ni yule ambaye hesabu zake hazifungi. Na niwasihi vijana, hakuna kumzuia mtu barabarani wala kupasua kreti za mtu. Tudai karatasi, tena kwa adabu.

Mkulima wa tawi hili hakuanzisha vita ile wala hana uwezo wa kuimaliza. Sehemu yake ya gharama ataibeba, kama inavyobebwa na wengine duniani. Asibebeshwe na ya wengine.

Mkutano ni saa 8 mchana, ofisi ya tawi. Mwenye stakabadhi za mauzo za msimu uliopita na za msimu huu aje nazo.

Katibu wa Tawi