Likizo ya watoto na mfuko wa mzazi: Yaeda Chini katika hesabu ya utalii wa ndani

Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi Juni, na tena mwezi Desemba, swali lilelile hurejea katika kaya nyingi za Arusha, Karatu na Babati: watoto wapelekwe wapi, na kwa fedha ipi? Kwa familia za kipato cha kati na cha chini, jibu lililozoeleka ni kwenda kijijini kwa babu na bibi, au kubaki nyumbani.

Hali hiyo inaendelea wakati utalii wa ndani ukipiga hatua kubwa. Mwaka 2024 Tanzania ilihesabu watalii 5,360,247, na kati yao 3,218,352 walikuwa wa ndani. Idadi hiyo inatia moyo. Hata hivyo, haielezi kama mzazi mwenye watoto wawili au watatu walio chini ya umri wa miaka minane naye amepata nafasi, au kama safari bado ni ya watu wazima, wanafunzi wa sekondari na wafanyakazi wanaosafirishwa na taasisi zao. Bonde la Yaeda, katika Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, linatoa mfano mzuri wa kulipima jambo hili.

Gharama iko wapi?

Wengi hudhani kwamba kizuizi ni kiingilio. Ukweli ni kwamba katika hifadhi za Taifa raia wa Tanzania hulipa kwa shilingi, kwa kiwango kilicho chini sana ya kile anacholipa mgeni kwa dola, na mtoto asiyetimiza miaka mitano haingii katika malipo. Uzito wa safari umo kwingine: gari la kukodi linaloruhusiwa kuingia hifadhini, mafuta, dereva na malazi. Daladala haimpitishi mtu katikati ya nyumbu. Baba, mama na watoto watatu hubeba gharama ya gari zima kana kwamba wangekuwa kundi la watu saba.

Kutokana na hesabu hiyo, safari iliyo nafuu kwa familia ni ile inayofikika kwa basi la abiria na kukamilishwa kwa miguu. Manyara ina maeneo ya namna hiyo. Ziwa Babati, lenye viboko, liko kando kabisa ya mji wa Babati. Ziwa Tlawi liko karibu na mji wa Mbulu. Msitu wa Nou umefunika ukingo wa Bonde la Ufa kati ya Babati na Mbulu. Mlima Hanang, wenye kimo kinachozidi mita 3,400, huonekana vizuri kutoka mjini Katesh hata kwa mtoto asiyeweza kuupanda.

Yaeda Chini iko mbali zaidi na inahitaji maandalizi zaidi. Msafiri kutoka Arusha hufuata lami hadi Karatu, kisha hupanda nyanda za juu za Mbulu kabla ya kuteremka bondeni. Barabara ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago hadi Maswa ni miongoni mwa barabara saba ambazo mikataba ya ujenzi wake kwa kiwango cha lami ilisainiwa Juni 2023. Kwa mtumishi wa umma au mfanyabiashara mdogo, lami hiyo inamaanisha nauli ndogo na saa chache za mtoto kukaa garini. Kwa utalii wa familia, hakuna tangazo linaloweza kuchukua nafasi yake.

Bonde na wenyeji wake

Jina lenyewe linaeleza mahali. Huko juu Mbulu, Juni na Julai ni miezi ya baridi na ukungu. Chini bondeni hewa ni ya joto, ardhi ni kavu, na mibuyu na migunga imetanda hadi kwenye mbuga ya maji ya msimu. Wairaqw, Wadatoga na Wanyisanzu wanaishi ndani na kandokando ya bonde hili, lakini wenyeji wa kale zaidi ni Wahadzabe, jamii ya watu wapatao elfu moja na kitu, ambao baadhi yao hadi leo huishi kwa kuwinda, kurina asali na kukusanya matunda na mizizi. Lugha yao, Kihadza, ina sauti za kudokoa, na wanaisimu hawajathibitisha undugu wake na lugha nyingine yoyote duniani.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati miliki ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Edward Loure, kiongozi wa shirika hilo, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya kupigania hati za namna hiyo kaskazini mwa Tanzania. Katika kipindi hichohicho ulianza mradi wa hewa ukaa unaoendeshwa na Carbon Tanzania. Jamii inalinda misitu isifyekwe kwa mashamba, nayo hulipwa. Mapato yamesaidia kulipa askari wa wanyamapori wa vijiji, matibabu na elimu ya watoto.

Msingi huo ni muhimu kwa mgeni kuuelewa. Familia inayofika Yaeda inaingia katika ardhi yenye mwenyewe, mwenye hati, ambaye tayari anapata riziki kutokana na msitu wake bila kumtegemea mtalii. Mwenyeji wa namna hiyo ana uwezo wa kukubali ugeni, kuupangia masharti au kuukataa.

Somo linalomfaa mtoto mdogo

Ziara nyingi kwa Wahadzabe, hasa upande wa Mang'ola kandokando ya Ziwa Eyasi, hujengwa juu ya uwindaji: kuamka alfajiri, kukimbia nyuma ya wawindaji, kurusha mishale. Ratiba hiyo haimfai mtoto wa miaka minne. Hachukui muda kuchoka, hawezi kunyamaza porini, na mwisho wa safari hukutana na damu.

Kazi ya kukusanya chakula ndiyo inayomfaa. Hufanywa zaidi na kina mama, kwa mwendo wa taratibu, mara nyingi wakiwa na watoto wachanga mgongoni. Watafiti waliokaa na Wahadzabe kwa miaka mingi wameonyesha kwamba watoto wao huanza mapema kujitafutia sehemu ya chakula, kama ubuyu, matunda mwitu na mizizi isiyo na kina kirefu. Mtoto wa mjini aliyezoea ubuyu wa rangi uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki atauona mbuyu wenyewe, atavunja tunda na kuonja unga wake mweupe. Atajua pia kwamba mtoto wa rika lake anaitambua mimea ambayo mwalimu wake hajapata kuitaja. Somo hilo halihitaji gari la kifahari wala hoteli.

Heshima na fedha

Hapa ndipo penye hatari. Unafuu wa safari usitafutwe kwa kumpunja mwenyeji. Maandishi ya wataalamu kuhusu utalii wa Ziwa Eyasi yameeleza jinsi fedha taslimu zinazogawiwa mtu mmoja mmoja zilivyochochea ulevi na ugomvi kambini. Malipo yanayopitia serikali ya kijiji, kwa stakabadhi, ni salama zaidi kwa pande zote mbili, na humpa mgeni mwongozaji anayefahamika.

Kadhalika, mzazi ana wajibu wa kumwandaa mwanawe kabla ya safari. Mtoto afundishwe kusalimia na kuomba ruhusa, na mzazi mwenyewe asipige picha za watoto wa wenzake bila idhini ya wazazi wao. Wahadzabe ni raia wenzetu, si maonyesho. Mtoto akirudi nyumbani akiwaita watu wa porini, safari imemdhuru kuliko angebaki mbele ya televisheni.

Msimu na usalama

Kati ya likizo mbili za mwaka, ile ya Juni inafaa zaidi. Desemba ni kipindi cha mvua, na njia za bondeni huweza kukatika. Maporomoko ya tope yaliyoikumba Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80 yaliacha funzo zito: taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zifuatiliwe kabla ya kuondoka, na ushauri wa viongozi wa kijiji uzingatiwe.

Chandarua, maji safi ya kunywa na nguo za mikono mirefu haviepukiki kwa mtoto anayeshuka bondeni, naye anahitaji sweta kwa usiku wa Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1955, ndiyo tegemeo kubwa la tiba katika ukanda huo.

Hatua zinazowezekana

Filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa Aprili 2022, iliitangaza Tanzania kwa ulimwengu. Familia za ndani zinahitaji jambo dogo na la karibu zaidi. Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu inaweza kubandika viwango vya ada za vijiji mahali pa wazi, ili mzazi ajue gharama kabla ya kupanda basi. Shule za msingi na vikundi vya akina mama vinaweza kukodi basi moja kwa kaya kumi, na hivyo kugawana gharama ambayo kaya moja haiwezi kuibeba. Vijiji vya Yaeda, kwa upande wake, vinaweza kuamua siku za kupokea wageni na siku za kuachwa kwa amani.

Uamuzi huo wa mwisho ni wa Wahadzabe wenyewe. Wakiridhia, mtoto wa Arusha atapata likizo yenye mafunzo kwa gharama inayobebeka, na mtoto wa Yaeda atapata mgeni wa rika lake aliyekuja kujifunza kwake.