Simu Inayojizima na Kujiwasha: Tuokoe Kilichomo Kwanza



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, simu leo imekuwa sanduku la familia. Humo mna picha za harusi na za watoto, sauti za wazee waliokwisha kututangulia, orodha ya wanaotudai na tunaowadai, nakala za vyeti, na kwa wanafunzi mna masomo ya muhula mzima. Kisha inafika siku simu inawaka, inaonyesha nembo ya kampuni, inazima, inawaka tena, inaonyesha nembo ileile, inazima. Haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Kila chombo huharibika, na hilo si la kushangaza. Linalotusikitisha ni haraka yetu. Simu inafikishwa kwa fundi, fundi anauliza, "Niiflashi?" na mwenyewe anajibu, "Fanya tu, mradi iwake." Baada ya muda simu inawaka kweli, lakini tupu kama siku ilipotoka dukani. Hapo ndipo majuto yanapoanza.

Rai yetu ni moja. Simu kushindwa kuwaka hakufuti kitu. Mara nyingi wanaofuta ni watu, wakati wa kuitengeneza. Kwa hiyo kufuta kuwe hatua ya mwisho kabisa, na aamue mwenye simu akijua anachopoteza.

Kinachotokea ndani ya simu

Simu inapowaka hupita hatua kwa hatua. Kwanza huamsha mfumo wake, kama vile Android, kisha hufungua sehemu yenye vitu vya mwenyewe, kisha programu. Hatua moja ikikwama, simu huanza tena mwanzo, na huo ndio mzunguko tunaouona. Katika simu za Android mfumo una sehemu yake, na picha na ujumbe wetu vina sehemu yao. Mfumo unaweza kuvurugika na picha zikabaki salama pale pale.

Sababu nazo ni nyingi: kitufe cha kuwashia kilichonata, betri iliyochoka, memori iliyojaa kabisa, kusasisha mfumo kulikokatika katikati, programu mbovu, au ubovu wa bodi yenyewe. Mwezi Mei 2020 baadhi ya simu za Samsung na Google zenye Android 10 ziliingia katika mzunguko huu kwa sababu ya picha moja tu ya mandhari, kwani rangi zake zilikuwa za aina ambayo mfumo haukuweza kuzisoma. Lakini Januari 2016 kampuni ya LG ilikiri kwamba simu zake za G4 zilikuwa zikijizima na kujiwasha kwa sababu vipande vya ndani havikugusana vizuri. Dalili ni ileile, maradhi ni mawili. La kwanza ni la programu. La pili ni la bodi, na hata ukiiflashi mara kumi huponi. Unapoteza data na ugonjwa unabaki.

Zamani na sasa

Wapo wanaosema, "Ikifutika tutairudisha kwa programu za kurudisha picha." Kwa simu za zamani iliwezekana mara nyingine. Sasa mambo yamebadilika. iPhone na simu zote zinazotoka na Android 10 ya mwaka 2019 na kuendelea hufunga data kwa ufunguo wa siri ulio ndani ya simu yenyewe. Ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo huo hutupwa. Kinachobaki kwenye memori ni herufi zisizosomeka na yeyote. Anayewauzia programu ya kurudisha picha baada ya hapo anawauzia matumaini.

Kuna hasara ya pili. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zikifutwa kwa njia hiyo huuliza akaunti ya Google iliyokuwemo. Wangapi kati yetu walifunguliwa akaunti na muuza simu, na leo hawajui barua pepe yao wala neno la siri? Mtu kama huyo hupoteza picha, kisha simu nayo ikakataa kumfungulia.

Utaratibu tunaoupendekeza

1. Toeni laini na memori kadi kwanza. Pesa za simu haziko ndani ya chombo, ziko kwenye namba, na laini ikitiwa kwenye simu nyingine mtazipata. Memori kadi ikikubali kusomwa kwenye simu nyingine au kompyuta, nakilini picha mara moja. Simu nyingine ikitaka kuifomati, kataeni: huenda kadi hiyo iliunganishwa na memori ya simu ya zamani na haisomeki penginepo.

2. Angalieni vilivyo wazi. Vueni kava na mkague kama kitufe cha kuwashia kimezama. Badilisheni chaja na waya. Betri ikiwa imevimba msiichaji wala msiibonyeze. Hiyo ni hatari ya moto, na kazi yake ni ya fundi.

3. Ilazimisheni kuanza upya. Kwa Android nyingi, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Kwa Samsung nyingi, kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti. Kwa iPhone 8 na zilizofuata, bonyeza na uachie cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza, kisha shikilia cha pembeni hadi nembo itokee. Hili halifuti chochote.

4. Jaribuni hali ya usalama. Kwa Android nyingi, nembo ikitokea shikilia kitufe cha kupunguza sauti. Simu ikiwaka hivyo, programu mlizopakua hazifanyi kazi, nanyi mtaweza kunakili picha na kuondoa programu mnayoishuku. Na simu yoyote ikiwaka walau dakika tano, dakika hizo ni za kunakili, si za kusoma ujumbe.

5. Ingieni kwenye menyu ya matengenezo, ambayo kwa Android nyingi hufunguka kwa kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti. Hapa someni kila neno kabla ya kubonyeza. Penye "Wipe cache partition", kama pametajwa, hufutwa mafaili ya muda tu. Penye "Wipe data/factory reset" hufutwa kila kitu. Mistari hiyo miwili hukaa karibu karibu, na kidole kikiteleza hakuna wa kumlaumu.

6. Kwa iPhone iliyounganishwa na kompyuta katika hali ya matengenezo, chagueni "Update", msichague "Restore". La kwanza huweka mfumo upya na kuacha vitu vyenu; la pili hufuta. Intaneti ikiwa ya polepole na upakuaji ukapita dakika 15, simu hutoka yenyewe katika hali hiyo. Subirini upakuaji umalizike, kisha rudieni.

Tukifika kwa fundi

Hatuwalaumu mafundi wetu, wawe Buyenzi, Nyamirambo au Kampala. Fundi hufanya alichoagizwa, na mteja anayetaka simu yake kabla ya magharibi kwa bei ndogo ameshachagua kuflashiwa hata kama hakusema. Kwa hiyo semeni mapema, mbele ya mashahidi ikibidi: "Kilichomo ni muhimu kuliko simu. Usifute bila kuniuliza." Kwa Samsung, fundi anayejua kazi ana faili liitwalo HOME_CSC, linaloweka mfumo upya bila kugusa data, na lingine liitwalo CSC tu, linalofuta. Muulizeni atatumia lipi.

Akisema ugonjwa ni wa bodi, basi dawa ni kutengeneza bodi hadi simu iwake mara moja tu, vitu vitolewe. Gharama inaweza kuzidi bei ya simu. Wapo watakaoona haifai, na wapo watakaolipa kwa sababu ya sauti ya mama aliyefariki. Uamuzi huo ni wa familia. Na fundi akihitaji namba ya siri, kaeni naye hadi amalize. Sitara ya nyumba yenu imo humo.

Kinga

Haya yote yanapungua sana kwa nakala. Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, lakini tangu 2024 nakala za WhatsApp nazo huhesabiwa humo, hivyo kagueni kama nafasi haijajaa na nakala kusimama bila nyinyi kujua. Asiye na bando anakili picha kwenye kompyuta au flashi kila mwisho wa mwezi. Vijana wetu, hii ni hidima ndogo mnayoweza kuwafanyia wazazi: kaeni nao robo saa, waandikieni barua pepe na neno lao la siri kwenye daftari linalohifadhiwa nyumbani, na mhakikishe nakala ya mwisho ni ya lini.

Simu hununuliwa tena. Orodha ya madeni ya marehemu, ambayo warithi wanaisubiri ili walipe, haiuzwi dukani. Tuiangalie kama amana, na tusimpe mtu ruhusa ya kuifuta kwa neno "fanya tu".

Wabillahi tawfiq.