Miaka 20 ya Kituo cha Udzungwa: Picha Zirudi Vijijini

Mwaka huu Kituo cha Ufuatiliaji wa Ekolojia cha Udzungwa, kilichopo Mang'ula mkoani Morogoro, kinatimiza miaka 20. Kilianzishwa 2006 kwa ushirikiano wa TANAPA na makumbusho ya sayansi ya Trento, Italia. Tunakipongeza kwa moyo mkunjufu, maana kazi yake ni ya taifa zima.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa 1992. Misitu yake ya mvua ina viumbe wasiopatikana kwingineko duniani. Mmoja wao ni ngolaga, nyani ambaye wanasayansi walimtambua 1979, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake tayari. Kipunji, tumbili mwingine wa Tanzania, naye alijulikana kwa wawindaji wa Rungwe kabla watafiti hawajamwona. Alipotangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2005, ushahidi uliowasilishwa ulikuwa picha.

Mwaka huohuo kamera ya mtego ilimnasa Udzungwa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, ambaye 2008 alithibitishwa kuwa spishi mpya. Mwaka mmoja baada ya picha hiyo, kituo kilifungua milango.

Tangu 2009, kamera za mtego zimetegwa katika vituo 60 msituni kwa utaratibu uleule mwaka hadi mwaka. Kwa njia hiyo watafiti hutambua mnyama gani anaongezeka na yupi anapungua. Vijana wa vijiji jirani wamefanya kazi bega kwa bega na wataalamu, na shule za jirani zimepata elimu ya mazingira.

Safari haikuwa nyepesi. Mwaka 2011 ruhusa ya wanavijiji kuokota kuni hifadhini ilifutwa, na mzigo ukawaangukia akina mama kwanza. Elimu ya majiko banifu na upandaji miti ilihitajika kuliko wakati wowote. Hapo ilidhihirika kwamba hifadhi haiwezi kulindwa kwa askari peke yao. Anayetakiwa kuuacha msitu usimame sharti aelezwe sababu, na apewe njia nyingine ya kuivisha chakula cha watoto wake.

Sababu zipo, na ni nzito. Maji yanayoshuka kutoka milima hii hunywesha mashamba ya mpunga na miwa bondeni, kisha huingia Mto Kilombero na kuelekea Rufiji, lilipo Bwawa la Julius Nyerere. Msitu ukikauka, hasara itafika mbali na Mang'ula.

Kwa hiyo maadhimisho haya yaambatane na wajibu. Picha zilizopigwa Udzungwa zimesomwa katika vyuo vya nje. Sasa zibandikwe kwenye kuta za madarasa na ofisi za vijiji vinavyouzunguka msitu, kwa majina ambayo wenyeji wenyewe huwaita wanyama hao. Halmashauri zitenge fungu la elimu ya uhifadhi badala ya kuwasubiri wafadhili. Vijana wa Kilombero wafundishwe kupiga picha, kuzichambua na kuzisimamia, ili watafiti wakuu wa miaka 20 ijayo watoke miongoni mwao.

Wenyeji ndio waliotangulia kuujua msitu huu. Ni haki yao kuwa wa kwanza kunufaika na elimu yake, na ni jukumu letu sote kuhakikisha inawafikia.