Ngitili, sheria ndogo na fedha za mgodi: halmashauri zifanye nini tabianchi inapobadilika?

Mvua za msimu zikichelewa, maswali yanayotufikia studio kutoka Nyahanga, Msalala na Ushetu hufanana. Tupande lini? Ng'ombe wale wapi? Serikali inatusaidiaje?

Katika makala haya tunaangalia serikali iliyo karibu nawe zaidi: kijiji, mtaa, kata na halmashauri. Mkoa wetu una mfano wake wa kujifunzia.

Shinyanga iliwahi kukauka

Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye miti zaidi ilikatwa kupisha pamba na kwa ajili ya kuni, huku mifugo ikiongezeka. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa wazi na udongo umechoka.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mwanzoni ulihimiza kupanda miche ya kigeni. Matokeo mazuri yalikuja pale wataalamu walipowasikiliza wananchi na kurudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili lifunguliwe kiangazi. Eneo likipumzishwa, visiki huchipua na miti hurudi yenyewe.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia 2004 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Shinyanga ya wakati ule, ambayo ilijumuisha pia sehemu kubwa ya Simiyu ya leo. Utafiti uliotolewa 2005 ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50.

Nini kilifanya kazi?

Wanakijiji walikubaliana mipaka, wakapanga siku ya kufungua na kuweka faini. Dagashida ilikaa, sungusungu wakasimamia. Makubaliano mengi yaliingizwa kwenye sheria ndogo za kijiji.

Hapo ndipo nguvu ya serikali za mitaa ilipo. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikaipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya ikaidhinisha. Ikishaidhinishwa, aliyeingiza ng'ombe au kukata mti anatozwa kisheria, hata kama ana mali nyingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inakipa kijiji nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yake.

Nyahanga iko ndani ya Manispaa ya Kahama, hivyo ngazi ya chini ni mtaa. Huko sheria ndogo hutungwa na manispaa, na hoja za wananchi hupitia mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata na diwani.

Shinikizo la leo

Ngitili zinabanwa. Mashamba yanapanuka, mji wa Kahama unahitaji mkaa, na maduara ya wachimbaji wadogo yanahitaji matimba ya kuzuia udongo usiporomoke. Marufuku peke yake haitoshi, kwa sababu mchimbaji asiye na matimba anahatarisha maisha yake. Halmashauri inaweza kutenga maeneo ya kupanda miti ya matimba na kuni, na kuwashirikisha wachimbaji wenyewe.

Jambo la pili ni usawa. Ngitili nyingi ni za watu binafsi, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye aliyenufaika zaidi. Kijiji kinachotunga sheria leo kihakikishe mama asiye na ng'ombe naye anapata kuni, dawa na nafasi ya kuweka mizinga ya nyuki.

Fedha zitoke wapi?

Ukanda wetu una dhahabu. Kampuni za migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa asilimia ya mapato ghafi. Tena, tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, mgodi lazima ukubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuhudumia jamii. Madarasa na zahanati ni muhimu, lakini lambo la kuvuna maji ya mvua na kitalu cha miche navyo vinaweza kuingizwa humo. Mgodi wa Buzwagi, hapa hapa Kahama, ulisimamisha uzalishaji 2021. Fedha za dhahabu zina mwisho, kwa hiyo ni busara sehemu yake ibaki ardhini kama maji na miti.

Uulize nini mkutanoni?

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Viongozi waliochaguliwa Novemba 2024 wana wajibu wa kukujibu. Waulize haya:

Je, kijiji chetu kina mpango wa matumizi ya ardhi? Ngitili yetu ina mipaka inayotambuliwa? Faini zilizotozwa ziko wapi? Ombi letu la lambo limefika kwenye kata? Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Ombi linalotolewa Juni limeshachelewa.